Maiki ya USB inavuma hata nikinyamaza: mchawi ni maiki, laptopu au chumba?

#1 MamaSimulizi (Morogoro)
Habari za jioni wakuu. Huwa nasoma hadithi za watoto kwa sauti, nazirekodi nyumbani, kisha nawatumia wazazi wa darasa langu. Mwanzo nilitumia simu. Sasa nimenunua maiki ya USB, aina ya kondensa, ile ya kusimama mezani kwa kimguu cha pembetatu. Nimechomeka kwenye laptopu yenye Windows 10, ikasoma yenyewe bila kudai draiva. Narekodi kwa programu ya Audacity.

Tatizo ni hili. Nikinyamaza kabisa kuna mvumo chini, "mmmm", na juu yake kuna kasauti kembamba, "tiii". Nikisoma, sauti inatoka ya mbali, kama niko bafuni. Nikiongeza kiwango, mvumo nao unapanda. Nikipunguza, naanza kupotea mimi.

Chumba ni cha kulala, kuta za bloku, sakafu ya vigae, dari la jipsamu. Laptopu iko pembeni ya maiki na chaja imechomekwa muda wote maana betri imechoka. Nianzie wapi kupima kabla sijatoa hela nyingine?

#2 Kijana wa Temeke
Nimekaa paleee nasubiri mafundi. Nami ninayo ya namna hiyo hiyo na inanisumbua.

#3 Fundi Redio
Dada, anza na kisicho na gharama. Chomoa chaja ukutani, laptopu itumie betri hata kama ni dakika tano tu, rekodi ukimya nusu dakika. Chomeka, rekodi tena ukimya nusu dakika. Vipande vyote viwili visikilize kwa hedifoni, si kwa spika za laptopu.

Chaja nyingi zilizopo mtaani ni za pini mbili, hazina waya wa ardhi. Ndani yake kuna kapasita ndogo inayounganisha upande wa umeme mkubwa na upande wa laptopu, imewekwa ili kuzima kelele za masafa ya redio. Pasipo ardhi, umeme kidogo unavujia kwenye bodi ya laptopu. Ndio ule unaousikia ukipitisha kidole taratibu kwenye laptopu ya chuma, ngozi inahisi mtetemo. Haudhuru mtu, ila unasafiri kwenye waya wa USB mpaka kwenye maiki. Umeme wa ukutani ni hezi 50, kwa hiyo mvumo wake unajulikana: 50, 100, 150, na kuendelea.

Mimi naona mchawi ni chaja.

#4 Nyali Sauti (Mombasa)
Polepole fundi. Kabla hujaihukumu chaja, yuwajua ni maiki ipi inayorekodi? Laptopu ina maiki yake juu ya skrini, na mara nyingi ndiyo inayochaguliwa. Sauti ya mbali pamoja na mvumo wa feni ni dalili zake hasa.

Dada, anza kurekodi, kisha kwaruza taratibu kwa ukucha wavu wa maiki ya USB. Halafu kwaruza ukingo wa juu wa skrini. Palipotoa kelele kubwa ndipo panaporekodi. Usiipulize wala usiigonge. Utando wa kondensa ni mwembamba mno, haupendi pumzi ya nguvu.

#5 Mwl. Kabwe
Naunga mkono #4. Na aangalie mahali pawili: kwenye mipangilio ya sauti ya Windows, na kwenye Audacity yenyewe. Hivyo ni vitu viwili. Unaweza kuweka sawa kule ukakuta Audacity bado inashikilia maiki ya zamani. Ukichomeka maiki wakati Audacity iko wazi, haitaiona mpaka uiambie ichunguze upya vifaa au uifunge na kuifungua.

#6 Kijana wa Temeke
Hapo kwenye kukwaruza nimepona! Kila nikichomoa maiki, kompyuta inajirudishia ile ya skrini, na nikichomeka tena hairudi kwenye USB. Ahsante sana Nyali Sauti. Uzi nimeuhifadhi.

#7 MamaSimulizi
Nimekwaruza zote mbili. Inayorekodi ni ya USB, hilo halina shaka.

Chaja nimeichomoa pia. Fundi Redio, mvumo wa chini umepungua sana. Lakini "tiii" iko pale pale, na sauti bado ni ya mbali.

#8 Fundi Redio
Umeona? Nusu ya kesi imekwisha.

#9 Mzee wa Geini (Nairobi)
Sijaona mtu akiuliza swali muhimu: unaongelea upande gani wa maiki? Juu kabisa, au ubavuni?

Maiki nyingi za USB za kondensa zenye umbo la mcheduara huchukua sauti kwa ubavu. Blue Yeti ni mfano unaojulikana. Watu huielekeza kama maiki ya mwimbaji, ncha ikitazama mdomo, wakati inatakiwa isimame wima na upande wenye nembo ukutazame wewe. Ukiongelea kichwani unaongea pembeni ya masikio yake, na chumba kinaingia kwa nguvu karibu sawa na yako. Pia zipo zenye swichi ya kuchagua mwelekeo. Alama ya umbo la moyo ndiyo ya mtu mmoja. Alama ya duara inachukua pande zote, mpaka majirani.

#10 MamaSimulizi
Mzee wa Geini, nilikuwa naongelea juu, ndivyo picha ya kwenye boksi inavyoonyesha. Nimeisimamisha wima, nembo usoni kwangu. Sauti imesogea, tofauti naisikia wazi. Swichi ya mwelekeo yangu haina. Ahsante.

#11 Zuhura wa Unguja
Asalaam aleikum. Bibie, mbali na upande, uko umbali gani nayo? Sie tunaorekodi kaswida nyumbani tunapima kwa shibiri. Kidole gumba mdomoni, kidole kidogo kwenye maiki, basi hapo hapo.

#12 MamaSimulizi
Waaleikum salaam. Iko nyuma ya kitabu, kama sentimita 40 hivi. Nikiikaribia, herufi p na b zinapasuka, "pah", "bah".

#13 Mwl. Kabwe
Basi hapo ndipo penye mwangwi, si kwenye chaja. Kila ukigawa umbali kwa mbili, sauti yako inaongezeka kama desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), huku mwangwi wa chumba ukibaki vile vile. Kutoka sentimita 40 hadi 10 umegawa mara mbili. Hiyo ni desibeli 12 za bure. Unazirudisha kwa kupunguza geini, yaani kiwango cha kukuza sauti, kiasi hicho hicho, na kelele za chumba zinashuka nazo.

Kuhusu p na b, usikae mkabala kabisa. Ielekeze maiki kwenye kona ya mdomo badala ya katikati, pumzi ipite pembeni. Ukitaka kichujio, chukua soksi ndefu nyembamba ya kike, itandaze kwenye duara la waya wa hanga ya nguo, isimamishe upana wa vidole vinne mbele ya maiki.

#14 Fundi Redio
Mwalimu, hesabu yako ya umbali naikubali. Lakini hiyo ya kupunguza geini inategemea ni geini ipi. Kuna kitufe cha kuzungusha kwenye maiki yenyewe, na kuna kile cha kuburuta kwenye Windows. Cha kwenye maiki mara nyingi kiko kabla sauti haijageuzwa kuwa tarakimu. Cha Windows kwenye maiki nyingi za bei ndogo kinapunguza tarakimu tu. Kelele ikishaingia kwenye tarakimu, unaishusha pamoja na sauti yako, hujapata faida.

Na "tiii" wala haihusiani na umbali. Hiyo ni umeme.

#15 Dogo Audio
Wakuu mbona mnazunguka, aweke 192 kilohezi na biti 24 aone. Kwenye maboksi ya hizi maiki wameandika. Ubora wote uko hapo.

#16 Mwl. Kabwe
Dogo, hapana. Sikio la binadamu linaishia kama kilohezi 20, na kwa watu wazima chini ya hapo. Sampuli 48,000 kwa sekunde, yaani sauti kupimwa mara 48,000, zinatosha kubeba mpaka kilohezi 24. Ukiweka 192 unarekodi mvumo ule ule kwa faili kubwa mara nne. Piga hesabu: 48,000 mara baiti 3 ni 144,000 kwa sekunde, kama megabaiti 8.6 kwa dakika, chaneli moja. Kwa 192 inakuwa karibu megabaiti 35 kwa dakika. Mzazi atakayepokea hadithi kwa simu anakuja kupewa MP3 ndogo tu mwishoni.

Biti 24 nakubaliana nawe. Zinakupa nafasi ya kurekodi chini kidogo bila woga. Kilele cha sauti kikae kati ya desibeli −12 na −6. Kikigusa 0 sauti inakatwa vichwa, na hakuna dawa ya kuirudisha.

#17 Dogo Audio
Sawa mwalimu, nimekuelewa kwenye ukubwa wa faili. Lakini mbona studio wanatumia 96?

#18 Mwl. Kabwe
Wengine wanatumia. Wana sababu zao, kama kupunguza kasi ya sauti kwa ajili ya filamu au kuchezea athari nyingi. Hadithi ya Sungura na Fisi haihitaji.

#19 Nyali Sauti
Usiibeze hadithi ya Sungura na Fisi mwalimu. Fisi ana sauti nzito, yataka kiwango chake.

#20 MamaSimulizi
Fisi namsomea chini, Sungura juu. Watoto wanajua nani anaongea hata nisipotaja jina. Ndiyo maana nataka sauti iwe safi, maana kwenye simu ndogo Fisi anamezwa na mvumo.

#21 Mzee wa Geini
Twende kwa ushahidi basi. Rekodi ukimya wa sekunde 20 ukiwa chumbani, hakuna anayesogea, pangaboi limezimwa. Kichague kipande hicho kwenye Audacity, nenda menyu ya Analyze, halafu Plot Spectrum. Utaona mchoro wenye milima. Tuambie vilele virefu viko kwenye hezi ngapi. Fanya na chaja, kisha bila chaja.

#22 Kijana wa Temeke
Huu mchoro sikuwahi kujua upo. Uzi umenoga.

#23 MamaSimulizi
Nimefanya. Na chaja: kilele 100, kingine 150, vidogo vidogo 200 na 250, na kimoja chembamba sana, kirefu, kwenye 1000 kamili. Kuna kadogo 2000 pia. Bila chaja: hivyo vya chini vimebaki vijivimbe tu, cha 1000 hakijatikisika.

Kiwango cha ukimya kwenye mita ni −46 na chaja, −54 bila chaja.

#24 Mzee wa Geini
1000 kamili! Hiyo ni saini ya USB yenyewe. Kompyuta huongea na maiki kwa mafungu ya data, na kwenye USB ya kasi ya kawaida, ambayo maiki nyingi hutumia, fungu moja huenda kila milisekunde moja. Milisekunde moja ina maana mara 1000 kwa sekunde. Kila fungu likipita, kifaa kinavuta umeme kidogo, na mvuto huo usipochujwa vizuri unaingia kwenye kikuza sauti kilicho ndani ya maiki. 2000 ni mtoto wake. Wenye vifaa vya USB ya kasi kubwa, mafungu yao ni ya sehemu ya nane ya milisekunde, mluzi wao unakaa 8000.

Kwa hiyo mchawi ni USB, si chaja, si chumba.

#25 Fundi Redio
Mkuu wa #24, maelezo ya milisekunde ni sahihi. Lakini USB ni ile ile duniani kote, mbona maiki nyingi hazilii? Tofauti ni umeme unaotoka kwenye bandari ya laptopu. Laptopu iliyochoka, bandari inayogawana na mausi na flashi, umeme wake ni mchafu. Bandari ya USB 2.0 inatoa milianpia 500, ya 3.0 inatoa 900. Hamishia upande mwingine wa laptopu, chomoa kila kitu kingine. Na kama umetumia kigawanyaji cha bandari, kitoe kabisa.

#26 Nyali Sauti
Mimi nasema maiki. Kichujio cha umeme ndani ya maiki ni koili na kapasita za bei ndogo sana, na ndizo za kwanza kuachwa na watengenezaji wa vitu rahisi. Jaribio ni rahisi: maiki hiyo hiyo kwenye simu kwa waya wa OTG, ule wa kuchomekea vifaa vya USB kwenye simu. Simu haina chaja ukutani, haina feni, haina mausi. Mluzi ukibaki, ni maiki.

#27 Mnyalu Ughaibuni (Marekani)
Nasoma kutoka mbali. Nyongeza tu kwa Fundi Redio: 50 na 100 ni kwa huko nyumbani. Huku umeme ni hezi 60, mvumo wetu unakaa 60, 120, 180. Nalisema kwa sababu video nyingi za mafunzo ni za huku, mtu anaelekezwa kuchuja 60 na anafuata wakati wake uko 50.

#28 Fundi Redio
Ahsante Mnyalu, hilo wengi linawapita.

#29 Zuhura wa Unguja
Yote hayo ya umeme sawa, lakini bibie kakaa kwenye vigae na bloku tupu! Mie ningeanza na chumba. Piga kofi moja katikati ya chumba usikilize. Ukisikia mlio unaotetereka baada ya kofi, hata maiki ya mamilioni itakuchukulia huo mlio.

Fungua kabati la nguo, ukae na maiki nguo zikiwa mbele yako, nyuma yako tundika blanketi zito kwenye mlango. Blanketi, si kanga, kanga ni nyepesi, sauti inapita. Zulia au godoro chini. Na mezani weka taulo, maana sauti inagonga meza ndipo irudi kwenye maiki.

#30 Dogo Audio
Trei za mayai ukutani vipi? Studio ya mtaani kwetu wamebandika mpaka darini.

#31 Mzee wa Geini
Trei za mayai hazizuii kelele ya nje hata kidogo, ni nyepesi mno. Zinapunguza kidogo mng'aro wa sauti za juu, za chini na za kati zinabaki zikizunguka, matokeo yake chumba kinakuwa na sauti ya boksi. Na ni makaratasi makavu, yanashika moto haraka. Nguo na godoro vinashinda kwa mbali.

#32 Kijana wa Temeke
Kuna jamaa kaniambia suluhisho la yote haya ni kununua maiki ya dainamiki badala ya kondensa, kwamba dainamiki haichukui kelele za nje. Kweli?

#33 Mzee wa Geini
Nusu kweli. Dainamiki ina usikivu mdogo, kwa hiyo unalazimika kuikaribia. Ni ule ukaribu unaokusaidia. Kondensa na dainamiki zenye mwelekeo mmoja, ukiziweka umbali sawa na kuzilinganisha ukubwa wa sauti yako, mwangwi wa chumba utatoka karibu sawa.

#34 Nyali Sauti
Sikubaliani kabisa mzee. Mimi narekodi watu wa taarab nyumbani, kondensa yanichukulia hata kunguru wa mti wa jirani. Dainamiki yangu kunguru simsikii.

#35 Mzee wa Geini
Kwa sababu dainamiki unaimeza mdomoni na kondensa umeiweka mbali. Zipime umbali sawa.

#36 Nyali Sauti
Nimezipima, kaka. Kunguru yuko kwenye moja, kwenye nyingine hayuko.

#37 Mwl. Kabwe
Huenda nyote mna haki. Kondensa inasikia sauti za juu vizuri zaidi, na kunguru anaishi huko juu. Mwangwi wa bafuni uko kati na chini. Mnapima vitu viwili tofauti.

Kijana wa Temeke, ukitaka dainamiki yenye USB zipo, kama Samson Q2U na Audio-Technica ATR2100x, zina tundu la USB na la XLR pia (lile la pini tatu la maiki za studio), unaweza kuzihamishia kwenye miksa baadaye. Ila usiharakishe kununua kabla hujajua chumba chako.

#38 Bwana Luthuli
Naongeza kwa wanunuzi wa mtaani. Maiki aina ya BM-800 zinazouzwa na mkono wa meza na sponji nyingi si za USB. Ni kondensa ya XLR inayotaka umeme wa volti 48, halafu boksini wanaweka waya wa kichomeo kidogo na kadi ndogo ya sauti ya USB. Ukichomeka hivyo inafanya kazi kwa kunong'ona, unaongeza geini mpaka mwisho, mvumo unajaa. Mtu analaumu laptopu bure.

#39 MamaSimulizi
Nimerudi na majibu. Yangu ni ya USB kweli, waya umetoka tumboni mwake, haina tundu la XLR.

Nimejaribu kwenye simu kwa OTG. Mwanzo simu haikuiona, kumbe ina swichi ya OTG kwenye mipangilio na inajizima yenyewe ikikaa. Kwenye simu kilele cha 1000 kipo, ila kimekuwa kifupi, kama nusu ya kimo kwenye mchoro. Vya 100 na 150 havipo kabisa.

Nyuma ya maiki kuna mlango wa kabati wazi, mezani taulo, blanketi mlangoni, mdomo shibiri moja kutoka kwenye maiki. Mwangwi umeisha kabisa, namsikia Fisi akivuta pumzi. Ukimya bila chaja sasa ni −59.

#40 Mzee wa Geini
Nusu ya kimo kwenye simu! Basi maiki ina kasoro na laptopu inaizidisha.

#41 Fundi Redio
Au laptopu ndiyo kubwa na maiki inabakiza kidogo. Ukitoa chaja ya pini mbili na kuweka ya pini tatu yenye ardhi halisi ukutani, nina uhakika hata cha 1000 kitashuka. Kosa ardhi, kila kelele inakosa njia ya kutokea.

#42 Nyali Sauti
Bila chaja hakukuwa na ukuta wala ardhi, na 1000 haikutikisika. Kasome #23, fundi.

#43 Fundi Redio
Nimeisoma. Bila chaja laptopu inaelea, haina ardhi vile vile. Haujapimwa ule upande wa ardhi nzuri. Ndio maana nataka jaribio.

#44 Mwl. Kabwe
Wakati mnabishana, dada anahitaji hadithi ya Jumatatu. −59 ni karibu kabisa na kinachokubalika. ACX, wanaopokea vitabu vya kusikiliza kwa ajili ya duka la Audible, wanataka ukimya uwe chini ya −60, sauti ya kusoma iwe kati ya −23 na −18 kwa wastani, na kilele kisizidi −3. Kwa simu za wazazi wewe umeshavuka.

Kilichobaki kichuje kwenye programu, kwa mpangilio huu. Kwanza kata chini ya hezi 80. Sauti ya mwanamke kwa kawaida huanzia juu ya 160, hutapoteza kitu, ila Fisi ukimshusha sana mwangalie. Pili, weka kichujio chembamba kwenye 1000 peke yake, kingine 2000. Tatu, Noise Reduction ya Audacity: mpe sekunde kadhaa za ukimya ajifunze, kisha desibeli 6 tu. Ukizidisha, herufi s zinaanza kumeta na sauti inakuwa ya majimaji.

Kwa hiyo kila faili lianze na sekunde tano za ukimya wa chumba hicho hicho, siku hiyo hiyo. Ukimya wa jana haufai.

#45 Zuhura wa Unguja
Na saa za kurekodi mwalimu kazisahau. Mie nangoja baada ya saa 4 usiku. Alfajiri usijaribu, jogoo na ndege hawana huruma. Mvua ikianza juu ya bati, zima kila kitu ulale.

#46 MamaSimulizi
Kwangu kero ni mashine ya kusaga ya jirani, inanyamaza saa 12 jioni. Mwl. Kabwe, kichujio chembamba cha 1000 nimekiweka, "tiii" siisikii tena hata kwa hedifoni. Herufi s ziko salama.

Chaja ya pini tatu nitaazima ofisini wiki hii, nitaweka vipimo hapa ili Fundi Redio na Nyali Sauti wapate pa kushikia.

#47 Kijana wa Temeke
Swali dogo. Nikivaa hedifoni kwenye laptopu nasikia sauti yangu ikichelewa, naanza kugugumia. Hii nayo ni maiki?

#48 Bwana Luthuli
Hiyo ni safari ya sauti kuingia kwenye kompyuta na kurudi. Angalia chini ya maiki yako, nyingi zina tundu la hedifoni. Chomeka hapo, utajisikia papo hapo. Kisha kwenye Audacity zima kile kipengele cha kusikiliza wakati wa kurekodi, la sivyo utajisikia mara mbili.

#49 Kijana wa Temeke
Tundu lipo! Nilidhani ni la chaji. Shukrani bwana.

#50 Zuhura wa Unguja
Nami niulize langu kabla uzi haujafungwa. Nina wasomaji wawili na dufu moja, maiki ya USB moja. Kompyuta yakataa maiki ya pili?

#51 Mnyalu Ughaibuni
Haikatai, ila Audacity inarekodi kutoka kifaa kimoja kwa wakati. Na maiki mbili za USB kila moja ina saa yake ya ndani, kwa rekodi ndefu zinaachana taratibu.

Kwa maiki moja, kama ina mwelekeo wa namba nane, yaani inasikia mbele na nyuma tu, wasomaji wakae pande mbili wakitazamana, maiki katikati. Dufu liweke kushoto au kulia kwa maiki, mahali isiposikia vizuri, hatua mbili au tatu nyuma. Usipime kiwango kwa wasomaji. Mwambie mpigaji apige pigo lake kubwa kuliko yote, lile la kwenye kiitikio, na geini ishushwe mpaka pigo hilo lisivuke −6. Wasomaji ndio wasogee karibu kufidia.

#52 Zuhura wa Unguja
Yangu ina huo mwelekeo wa namba nane, sikujua kazi yake. Nitajaribu Alhamisi usiku baada ya isha.

#53 Nyali Sauti
Bi Zuhura, dufu likae juu ya mkeka, si kwenye sakafu tupu. Na ukirekodi, tuwekee kipande cha ukimya pia, twataka kuona kama nawe una 1000.